Kiwanja cha michezo cha shule yenye kitengo, tuanzie wapi na hela hizi?

baba_zuu

Habari wakuu, naomba mawazo yenu maana kikao cha kamati ni jumamosi na mpaka sasa hatuelewani. Shule ni ya msingi, ya serikali, huku Tanga mjini, na ina kitengo cha elimu maalumu. Kitengo kina watoto wa kila aina, wenye ulemavu wa akili ndo wengi, kuna viziwi, kuna mmoja haoni kabisa, wawili wana ualbino, na watatu hawatembei, wawili kati yao wana vitimwendo na huyo wa tatu anabebwa mgongoni na dada yake. Wazazi na waliosoma hapo zamani wamechanga, ukijumlisha na ahadi tunafika kama milioni saba. Lengo ni kiwanja cha michezo, saa hizi watoto wana vumbi na goli moja la miti basi.

Sasa kuna muuzaji katuletea picha za seti ya plastiki ya rangirangi, slaidi mbili na kinyumba juu, hela yote inaishia hapo. Anasema ni rafiki kwa walemavu kwa sababu upande mmoja ina mteremko wa kupandisha kiti. Nimeiangalia ile picha vizuri, mteremko unaishia kwenye kibaraza na kibarazani hamna kitu, yaani mtoto anapandishwa pale halafu anawatazama wenzie wanavyoteleza. Mjumbe mwingine yeye anataka tugawe, wa kitengo wawe na sehemu yao yenye uzio, bembea zao mbili, wasije wakaumizwa na hawa wakubwa. Roho yangu inakataa yote mawili ila sina hoja ya kusimama nayo mbele ya kikao. Walimu, mafundi, wazazi wenye watoto hawa, nisaidieni. Eneo ni kama nusu uwanja wa mpira, kuna miembe miwili mikubwa na mwarobaini mmoja, ardhi ni kichanga, mvua ikinyesha maji yanatuama upande wa vyooni.

mwl_wa_kitengo

Baba Zuu hongera kwa kuuliza kabla ya kununua, wengi huuliza baada. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, sio Tanga.

Kabla hamjanunua hata msumari, nenda kakae pale shuleni saa ya uji, usiseme kitu, angalia tu kila mtoto wa kitengo anaishia wapi. Nakuhakikishia wengi utawakuta barazani. Hawajakatazwa na mtu kutoka, ila kati ya baraza na uwanja kuna ngazi mbili, halafu mtaro, halafu mchanga unaomeza magurudumu. Kwa hiyo kiwanja chako kinaanzia mlangoni mwa darasa, sio pale bembea ilipo. Mkijenga kitu kizuri cha milioni saba na njia ya kwenda haipo mmejenga kwa ajili ya wanaotembea tu. Na njia hiyo hiyo ifike chooni na bombani, mtoto ambaye choo hakifikiki huwa hanywi maji siku nzima na wala hachezi, anajibana tu mpaka aende nyumbani, hilo nimeliona sana.

Njia iwe na upana wa mita moja na nusu. Kiti kinahitaji karibu hizo hizo ili kigeuke mzunguko mzima, lakini sababu ninayoipenda zaidi ni kwamba hapo mwenye kiti anatembea sambamba na rafiki yake badala ya kusukumwa kwa nyuma kama mkokoteni.

Viziwi wao miguu wanayo, shida yao ni kuona. Usiwajengee ukuta mrefu au kinyumba kilichozibwa pande zote, maana kiziwi akipoteza macho ya mwenzie mazungumzo yamekatika. Mabenchi yawe ya duara au nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya mwenzie. Asiyeona anataka ardhi imwambie yuko wapi, kwa hiyo mnapokaribia bembea badilisheni kitu chini ya mguu, kutoka zege laini kwenda kwenye kokoto zilizokandikwa, ajue hapa nasimama. Bembea inayorudi nyuma kwa kasi ndiyo inayowapiga hawa watoto usoni. Wenye ualbino kivuli sio starehe, ni ngozi yao, na macho yao pia, wengi uoni wao ni hafifu na mwanga mkali unawaumiza. Hiyo miembe yako miwili ina thamani kuliko ile seti ya plastiki, mtu asije akaikata ili kupata nafasi! Jengeni chini yake (ila sio tawi la maembe makubwa juu ya kichwa cha mtu, mnajua wenyewe).

Na hili huwa linasahaulika kila mahali. Watoto wa kitengo wengi ni wakubwa kwa umri, unakuta ana miaka 14 au 15 na mwili wa mtu mzima. Ukileta seti ya plastiki ya chekechea wiki ya kwanza imepasuka, na lawama anapewa yeye.

Ngosha_mkavu

Shule zetu madawati hayatoshi, vyoo matundu mawili kwa watoto mia, nyie mnawaza bembea. Milioni saba jengeni choo.

sauti_ya_mtaa

Ngosha hoja ya choo ni ya kweli na mwalimu hapo juu kaigusa. Ila hizo hela watu wamechanga kwa ajili ya mchezo, na mchezo sio anasa. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989 kifungu cha 31 kinautaja kwa jina. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, kifungu cha 30, unasema mtoto mwenye ulemavu ashiriki michezo sawa na wenzie, na umetaja kabisa michezo ya ndani ya mfumo wa shule. Tanzania tuliuridhia 2009 na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu namba 9 ya 2010. Baba Zuu hapo pa kutengana kwa uzio unapo pa kushika, mwambie mjumbe wako neno ni "sawa na wenzie", halikusema pembeni ya wenzie.

fundi_bomba

Mimi nachomelea, bembea za shule nimezipiga nyingi, nichangie upande wangu.

Kwanza hapo ni Tanga, chumvi ya bahari inakula chuma kama mchwa. Bomba nyeusi za kawaida hata uzipake rangi mara ngapi, kwenye maungio kutu inaanzia. Chukua za mabati, inchi mbili, zile zenye unene sio zile nyepesi za uzio, na kila ulipochomelea mabati yameungua kwa hiyo papige praima ya zinki kabla ya rangi. Miguu ya bembea izame chini sentimita 60 na zege na ile zege ifunikwe na udongo, nimeona shule moja zege imejitokeza juu na pembe zake ni kali, mtoto akianguka anaangukia hapo.

Mteremko. Watu wanapiga mteremko mkali halafu wanasema tumeweka ya walemavu. Kipimo ni moja kwa kumi na mbili, yaani ukipanda sentimita 1 unakwenda mbele sentimita 12. Baraza lenu kama lina nusu mita basi mteremko ni mita sita, sio mita mbili. Na hiyo moja kwa kumi na mbili bado mtoto mwenyewe anahema, kama nafasi ipo weka moja kwa kumi na sita au ishirini. Pembeni weka ukingo mdogo gurudumu lisidondoke.

Nafasi kati ya nondo na nondo, au ngazi na ngazi, isiwe kati ya sentimita 9 na 23. Hapo katikati mwili wa mtoto unapita halafu kichwa kinakwama, na hiyo ndo inayonyonga. Ama ubane chini ya 9 ama uachie zaidi ya 23. Hii hata mafundi wenzangu wengi hawaijui wanaweka kwa macho tu.

Kuhusu chini ya bembea, udongo uliokanyagwa ni sawa na sakafu, na majani ya uwanjani pia, usidanganyike na ukijani. Mchanga unasaidia, ila mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani inasema mchanga wa sentimita 23 unafaa kwa anguko la mita 1.2 tu, kwa hiyo mkiweka mchanga basi vitu visiwe virefu. Sasa shida mnaiona, mchanga ndo unaomlinda anayeanguka na mchanga huo huo ndo unaomzuia mwenye kiti. Mi huwa nafanya hivi, mchanga uwe ndani ya boksi la ukingo chini ya bembea tu, njia ngumu inakuja mpaka ukingoni, na upande mmoja bembea iko karibu na ukingo kiasi kwamba mtu anasogea na kiti, anakamatwa anakaa.

Matairi chakavu ni ya bure au karibu na bure, ila yatoboe matundu chini, mengi. Tairi lililotuama maji ndo nyumba ya mbu wa dengue, na 2014 na 2019 tuliisoma namba. Na yale yaliyochakaa mpaka nyaya zimetokeza usiyaguse, nyaya zile zinachana.

Mama_Ney

Naomba niseme kama mama. Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi, yuko darasa la tatu, ana kiti.

Watu wakisikia ulemavu wanawaza kiti kiti kiti. Mwanangu akifika mahali pa kucheza kitu cha kwanza anachofanya ni kushuka kwenye kiti. Anatambaa, anaburura miguu, anakwenda kasi kuliko mnavyofikiri. Kwa hiyo ukimjengea mteremko mrefu wa kwenda juu umemjengea kiti sio yeye. Yeye anataka kibaraza kidogo cha kuhamia, urefu sawa na kiti chake au chini kidogo, nimeelekezwa kati ya sentimita 28 na 46, mbele yake kuna kitu cha kushika, akishahamia hapo mwenyewe anajua pa kwenda. Na kile kiti kinapobaki kiwe na mahali pa kukaa, kisisukumwe na wenzie wakaenda kukiendesha mpaka getini, kinavunjika na sina cha kumnunulia kingine.

Halafu miguu yake haisikii moto. Hapa ndo nataka fundi asome vizuri. Slaidi ya bati juani saa sita, mtoto mwingine akikaa anaruka analia, wangu anakaa tu anacheka, mpaka jioni namvua nguo ndo naona ngozi imebabuka. Vidonda vya hivyo vinachukua miezi kupona na vikiingia ndani ni wodini. Kwa hiyo hakuna bati juani, tafadhalini. Slaidi iwe chini ya mwembe, au ya zege iliyosuguliwa terazo kwenye kilima cha udongo, na iwe pana watu wawili wateremke pamoja ili rafiki au dada amkumbatie. Na pale anapotambaa pasiwe na kokoto wala vichwa vya misumari, yeye akikwaruzika hajui, sisi ndo tunamkagua.

Zaidi ya hapo mnifurahishie tu kitu kimoja, bembea ile ya wavu mpana kama kitanda cha kamba. Wanalala humo watatu wanne, mwenye kukaa na asiyeweza kukaa, kiziwi na kipofu, wote wanasukumwa pamoja. Humo ndani nani mlemavu?

baba_zuu

Mama Ney Mungu akutunzie mtoto, hilo la slaidi ya bati sikuwahi kuliwaza hata mara moja, na tungeikataa ile ya plastiki tungekwenda kuagiza ya bati!! Shukrani mwalimu na fundi pia.

Swali jingine. Kuna fundi wa huku kasema anaweza kuchomelea bembea ya kitimwendo, yaani sakafu ya chuma unaingia na kiti chako unafunga mnyororo unabembea nacho. Kamati imeipenda sana maana inaonekana, ukipiga picha wafadhili wanaelewa moja kwa moja. Hiyo vipi?

Mswahili_wa_Texas

Mimi niko San Antonio, na hapa ndipo ilipo Morgan's Wonderland, labda mmeisikia. Ni bustani nzima ya michezo iliyojengwa mahali palipokuwa machimbo ya mawe, ilifunguliwa 2010. Aliyeianzisha, Gordon Hartman, alimwona binti yake mwenye ulemavu kwenye bwawa la hoteli akitaka kucheza na watoto wengine na wale watoto wakatoka majini wakaondoka, jambo likamkaa moyoni. Mwenye ulemavu anaingia bure mpaka leo. 2017 wakaongeza sehemu ya michezo ya maji, wana vitimwendo vinavyokwenda kwa hewa iliyobanwa badala ya betri ili viingie majini, mtoto wa kiti cha umeme naye anarowa kama wengine.

Sasa bembea za vitimwendo hapa zipo, na nimewapeleka watoto wa ndugu. Lakini zimetengwa na uzio wake na kuna mfanyakazi anasimama pale muda wote anafunga na kufungua. Ile sakafu ya chuma ukijumlisha kiti na mtu ni uzito mkubwa sana, ikirudi na mtoto mdogo yuko njiani ni hatari kubwa. Shule ya serikali yenye watoto mia nane na mwalimu mmoja wa zamu sidhani kama itakuwa na mtu wa kusimama pale. Mtaishia kuifunga kufuli, na bembea yenye kufuli ni mapambo.

Cha kuiga hapa sio mitambo, hamuiwezi bei. Cha kuiga ni kwamba wengi wanaoingia pale hawana ulemavu wowote. Hakuna kona ya walemavu, kila kitu kinatumika na kila mtu.

Kuhusu ile slaidi ya plastiki, kama kuna mtoto mwenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, mjue kwamba plastiki inatengeneza umeme tuli mtoto anapoteleza na unaweza kuvuruga programu ya kifaa, ushauri wa kawaida ni avue ile sehemu ya nje kabla ya kuteleza. Muhimbili wamekuwa wakipandikiza tangu 2017 kwa hiyo watoto hao wapo mashuleni sasa.

TairiTatu

Mimi ni mtu mzima, polio, baiskeli ya miguu mitatu, nauza vocha na nafanya uwakala stendi. Niseme la upande wetu maana mnaongea wazazi na mafundi.

Nikiwa shule ya msingi kila kipindi cha michezo kazi yangu ilikuwa kulinda mashati na ndala za wenzangu. Mwalimu hakuwa mbaya, alidhani kanipa kazi nisijisikie mpweke. Miaka yote saba mimi ni mlinzi wa ndala. Kwa hiyo mkija na bembea yenye kufuli, au kibaraza cha kutazamia wenzio kama alivyosema baba Zuu, mmeniboreshea tu mahali pa kulindia ndala.

Hao watoto mmewauliza? Sijaona mtu kaandika hapa. Huyo asiyeona ana jina na ana mdomo, muulizeni anapenda nini, na huyo anayebebwa na dada yake, muulizeni hata huyo dada, maana yeye naye hachezi, analea. Mkipata njia ya huyo mtoto kuwa chini na wenzie kwa nusu saa mmewaachia huru watoto wawili.

Na michezo mingine haitaki hela kabisa. Goliboli mnaijua? Ilianzishwa 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani, watatu kwa watatu, mpira una kengele ndani, wote wanafungwa macho, mistari ya uwanja ni kamba iliyopitishwa chini ya tepu ili uipapase kwa mkono. Pale anayeona ndo anakuwa mlemavu na yule wa kitengo anamfunga magoli mpaka anakoma. Mpira mkubwa wa kawaida ukiuvika mfuko wa rambo unapiga kelele, wanauskia, mnacheza. Rede inachezeka ukiwa umekaa. Bao na mdako ndo usiseme, jengeni meza ya zege yenye bao limechimbwa juu yake, ila chini iwe wazi magoti na kiti viingie, kama sentimita 70 hivi, wasijaze zege mpaka chini kama kaburi.

Bi_Rukia_Msa

Assalaam aleykum ndugu zangu, nawasoma kutoka Mombasa. Mimi mwanangu ana usonji, miaka tisa, hasemi. Wacha nitie neno kuhusu huo uzio maana naona wote mwaupiga vita.

Mwanangu akiona geti wazi yuaenda. Hatazami nyuma, hasikii kuitwa, gari haimtishi. Kiwanja kisicho na uzio mimi siendi naye, na mama wengi wa watoto kama wake hawaendi. Kwa hiyo uzio uwe, lakini uzunguke kiwanja chote na watoto wote wawe ndani, geti moja, komeo juu ambako mtoto hafiki. Hapo nakubaliana na huyo mjumbe kuwa uzio wahitajika, ila autia mahali sipo.

La pili mwanangu apenda kubembea kuliko kula. Kubembea kwamtuliza. Lakini makelele ya watoto mia, kengele, honi, yakimzidi ajiziba masikio na kujipiga. Basi tieni kipembe cha kujificha, tairi kubwa la trekta limelazwa, au kijumba kifupi cha makuti kilicho wazi upande mmoja mwalimu aone ndani. Kisiwe mbali na wenzake. Apumzike, akitaka arudi mwenyewe. Na mkitia kengele na mabomba ya kupigapiga, yatieni upande mwingine kabisa, tafadhali, kwa asiyeona ni raha na kwa wangu ni adhabu.

mwl_wa_kitengo

Bi Rukia aleykum salaam, asante sana, hilo la uzio wa wote ndo jibu la jumamosi. Na mjumbe anayehofia watoto wa kitengo kuumizwa na wakubwa hofu yake isipuuzwe, watoto hugongana kweli. Lakini dawa yake ni kutenganisha mwendo, mbio na mpira upande huu, vya kutulia upande ule, na bembea pembeni kabisa sio katikati ya njia ya watu. Hapo wa kasi wanakaa kwa kasi yao na wa taratibu kwa taratibu yao, na wa kitengo wamo pande zote.

TairiTatu umenichoma, hao walinzi wa ndala ninao mpaka leo.

Rangi nayo nimesahau. Ukingo wa kila ngazi na kila mwisho wa njia upigwe njano kwenye kitu cheusi au kijivu, wenye uoni hafifu wanaiona. Msipake nyeupe inayong'aa juani, inawaumiza macho wale wenye ualbino. Na kofia pana na mafuta ya jua viwe na mahali pake darasani, yale yanayotengenezwa Moshi ni ya kwao kabisa watu wenye ualbino, fuatilieni kupitia chama chao hapo mkoani.

baba_zuu

Wakuu nimekaa na mwalimu mkuu leo na daftari, nimemsomea karibu yote haya. Seti ya plastiki tumeipiga chini. Tulivyoandika kwa sasa ni njia kwanza, kutoka kitengo mpaka kwenye miembe na tawi moja la kwenda chooni, moramu na saruji, mtaro tunaufunika, hiyo inakula karibu milioni mbili na nusu maana lazima tuinue upande unaotuama maji. Uzio wa michongoma na waya na geti moja. Bembea ya wavu moja, bembea za kawaida mbili, slaidi ya terazo kwenye kilima cha udongo tutakaotoa kwenye mtaro huo huo, meza ya bao, tairi la trekta. Bembea ya kitimwendo nimemwambia mwalimu mkuu namna TairiTatu alivyosema kuhusu ndala, akanyamaza, akaifuta mwenyewe.

Watoto tutawauliza ijumaa, mwalimu wa kitengo wa hapa shuleni atatafsiri kwa alama. Huyo dada yake yule mdogo nilimkuta getini nikamuuliza anataka nini kiwanjani, akasema mpira wa rede.

Fundi, wavu wa bembea nifunge kamba gani? Fundi wa huku anasema manila.

fundi_bomba

Manila ya kawaida jua la pwani linaipukutisha, mwaka hauishi inatoa nyuzi. Nenda forodhani kwa wavuvi ulizia kamba nene ya nailoni ya kufungia mashua, au nyavu za zamani za jarife zilizo imara uzisuke mara mbili, matundu yawe madogo kichwa kisipite, kumbuka ile 9. Fremu ya duara ya bomba uivalishe tairi la baiskeli lililopasuliwa, isimgonge mtu na chuma kitupu. Juu usitumie mnyororo wa mbwa!! Tumia wa milimita 8 na shako (zile pete za chuma za kuungia) zenye pini, kila muhula mtu apande akague pini na pale mnyororo unaposuguana, chuma kikiisha robo unabadilisha, husubiri. Na boriti ya juu usiweke bomba la inchi mbili kwa hiyo ya wavu, wanapanda watoto watano mara moja, weka inchi tatu. Nitumie vipimo vya hapo chini ya mwembe nikuchoree, sikudai kitu.

TairiTatu

Fundi mchoree na mahali pa kuegesha baiskeli ya miguu mitatu hapo kwenye meza ya bao. Nikipita Tanga nataka kumfunga huyo mwalimu mkuu.